Msasa na Mashine ya Kuchonga Chuma

Mume wa dada yangu tunamwita Msasa. Jina hilo alilipata gereji, alikokuwa fundi rangi. Gari likija limebonyea na kuchubuka, alilisugua kwa msasa, akapuliza rangi, akasugua tena, akapuliza tena, mpaka mwenyewe akija kulichukua analipita akidhani si lake. Msasa hapendi kuona chuma kikiwa uchi. Hata bawaba ya mlango wa jirani ikichubuka, mkono unamwasha.

Kisha kifua kikamkaba. Kilianza kikohozi cha asubuhi, kikawa cha siku nzima. Daktari akamwambia waziwazi kwamba mapafu yake hayaitaki tena hewa ya rangi ya kupuliza. Msasa akaacha kazi, lakini bosi wake hakumwacha yeye. Alikuwa anampigia simu kila mara. "Msasa, rudi bwana. Jifunge hata kitambaa puani." Sote tulijua kwamba akikaa sana bila cha kufanya, atarudi.

Mimi ni fundi wa karakana, nakereza vyuma. Maneno mengi siyawezi, ila siku moja nilijikaza nikamwambia kuwa gereji ya mabasi inasafisha uwanja wake, na kuna mashine ya kuchonga chuma inauzwa.

"Inafanya nini hasa?" akauliza.

"Unafunga chuma mezani, kisu kinazunguka juu yake. Unachonga mfereji, unachonga bapa. Haina mvuke wa rangi."

Tukaenda. Tuliikuta nyuma ya ukuta, chini ya kipande cha bati, na juu ya meza yake amelala kuku.

"Mashine nawauzia," alisema mama aliyeshika funguo. "Kuku hapana. Huyo ana mayai."

"Mama, huyo ndiye fundi wa mwisho kuitumia," alisema Msasa. "Tuulizie kama inasumbua."

"Hajawahi kulalamika."

Nikazungusha mkono wa meza. Ukagoma, nikautia mafuta, ukakubali shingo upande. Nikamwambia shemeji kuwa imeshika kutu lakini haijafa. Akatoa akiba yake yote ya gereji.

Nyumbani hapakuwa na nafasi ila sebuleni. Makochi yakatolewa barazani. Dada, ambaye ni fundi cherehani, alisimama mlangoni mkono kiunoni.

"Kwa hiyo wageni watakaa nje, na hili lichuma likae ndani kama mkwe?"

"Mgeni wetu ni huyu mdogo wako tu," alisema Msasa, "na yeye hata umkalishe juu ya paa hatasema kitu."

Niliifungua mashine vipande vipande, kazi ya kusafisha nikamwachia mwenyewe. Akasugua kutu kwa mafuta ya taa na msasa, siku baada ya siku. Mwisho akapaka rangi ya kijani, kwa brashi, madirisha yote wazi, dada akimlinda kama askari jela. Niliporudi kuiunganisha, ilikuwa inang'aa kama imetoka dukani jana.

Ila kuchonga ilikataa. Kisu kilipogusa chuma, mashine nzima ilitetemeka na kupiga kelele, na kipande kikatoka kama kabari, upande mmoja mnene, upande mmoja mwembamba. Nikakaza bolti. Siku ya pili zimelegea. Nikakaza tena, zikalegea tena. Nilianza kuamini kwamba kuku ndiye aliyejua kuitumia vizuri.

Jumamosi simu ikalia. Msasa alisikiliza kwa muda mrefu.

"Sawa bosi," akasema. "Jumatatu nitakupa jibu."

Cherehani ya dada ikanyamaza. 

Jumapili nilimkuta Msasa amechuchumaa kando ya mashine, anapitisha kidole gumba pale nguzo ya mashine inapokaa juu ya kitako chake. Kidole kikasimama.

"Shemeji, hapa rangi imefura."

Nikainama. Rangi ya kijani ilikuwa imechomoza kwenye kiungo kama siagi iliyokandamizwa katikati ya mkate.

"Kwani ulipaka na ndani?"

"Nimepaka kila mahali!" alisema kwa fahari. "Mpaka chini ya nguzo. Mkono wa kwanza, ukikauka mkono wa pili."

"Pale hapapakwi, shemeji. Rangi inabonyea, bolti zinalegea. Chuma kinakaa juu ya chuma. Uchi kwa uchi."

"Lugha gani hiyo nyumbani kwangu?" dada akauliza kutoka kwenye cherehani.

Sikuwa nimemwonya. Karakanani kwetu jambo hilo haliambiwi mtu, kila mmoja analijua. Kwao gereji, kuacha sehemu bila rangi ndiyo aibu.

Tukainua nguzo, akasugua rangi yote mpaka chuma kikatoka. Chini yake palikuwa na vinundu vya kutu ya zamani. Nikamweleza tunavyofanya kazini. Unapaka masizi na mafuta kwenye kitu bapa kabisa, unasugulia uso wa chuma hapo, na panapodaka weusi ndipo palipoinuka, unapakwangua. Tatizo ni hicho kitu bapa. Macho yangu yakaenda kwenye kioo kinene cha meza ya chakula ya dada, ambacho hata kikombe hakiwekwi juu yake bila kitambaa. Nikayaondoa haraka.

Dada aliniona. Akanyanyuka, akakunja kitambaa chake, akakishika kioo kwa mikono miwili na kutuwekea miguuni.

"Kikipasuka," alisema, "mtakula juu ya mashine."

Tukakwangua masizi ya sufuria, tukaanza. Mimi nilitegemea macho, Msasa alitegemea vidole. "Hapa bado," alikuwa anasema kabla hata hatujapima, na masizi yalimkubalia kila mara. Miaka yote ya kupapasa milango ya magari haikuwa imemtoka mkononi. Weusi ulipoenea uso mzima, tukairudisha nguzo mahali pake.

Jumatatu asubuhi tulifunga chuma mezani. Mashine ikanguruma taratibu, na vijipande vya moto vikaanza kudondoka. Nikaweka rula juu ya chuma, mwanga haukupenya chini yake. Msasa akafumba macho, akapitisha kidole.

"Bapa," akasema. Akapitisha tena.

Jirani mwenye mashine ya kukoboa alikuwa ameshafika mlangoni na ekseli ambayo puli ya mkanda inateleza juu yake, anataka ichongwe mfereji wa kuibana. Tulipokuwa tunaifunga, simu ikalia. Mikono ya Msasa ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko, kwa hiyo dada akapokea.

"Haloo? Hapana, bosi. Yuko kazini." Akasikiliza. "Ndiyo, kazini."

Akakata simu, akatugeukia.

"Anauliza kazini wapi. Kwani si hapa sebuleni kwangu?"