Gari Iliyokunywa Maji

Hata leo nikipita karibu na parking ya magari ya Mahagi, hapa Bunia, damu inanichemka. Hapo ndipo patro wangu, mwenye lori, aliponitukana mchana kweupe, akisema mimi ndiye ninayeua motere, injini ya gari yake. Mimi! Niliipokea ile lori ikiwa imeshazeeka, mpaka saa ya kilometa imechoka kuhesabu, nikailea kama mgonjwa wa nyumbani.

Kosa langu lilikuwa nini? Gari ilikuwa inakunywa maji. Asubuhi naijaza radiateri Bunia, nikifika Nizi, mwendo mfupi tu, nafungua kifuniko, maji yameshuka. Najaza tena kwa bidoni. Nikifika Mahagi, vilevile. Na chini hakuna tone. Nilitandaza makartoni chini ya motere, asubuhi nikayakuta makavu. Moshi haukuwa mweupe. Mafuta ya motere yalikuwa meusi kama kawaida, hayakuwa na ule weupe wa maziwa unaoonekana maji yakiingia ndani. Sasa yanaenda wapi?

"Patro," nilimwambia, "gari iko nakunywa maji, na mi sioni kwenye inapita."

Patro ni mfanyabiashara aliyehamia kutoka Butembo, muuza saruji, mtu wa kanisa. Alinisikiliza huku akitafuna njugu, kisha akaleta fundi. Fundi akafungua kichwa cha motere, akabadilisha jointi, ile gasketi yake, akapangusa mikono, akasema imepona. Gari ikafika Nizi ikiwa na kiu ileile.

Ndipo shemeji yake patro, kaka ya mke wake, akajitia udaktari. Huyo alikuwa na permi mpya ya kuendesha mfukoni na alikuwa anautamani usukani wangu waziwazi. Siku moja nilipokwenda kula, alimimina unga wa muhogo ndani ya radiateri, ati ukazibe tundu. Sisi watu wa huku tuna ugonjwa huo: kitu kikivuja, tunakilisha unga. Radiateri ikiwa inatona kwa nje, sawa, unga unaweza kukufikisha nyumbani. Lakini tundu lenyewe lilikuwa wapi? Njiani motere ikachemka kweli, na nilipofungua nilikuta fufu. Fufu, jamani, imeiva, imekosa mboga ya sombe tu! Nilishinda siku nzima naosha mabomba. Patro alipokuja hakumuuliza shemeji yake hata neno.

"Weye njo iko naua motere yangu!" alinipigia kelele, na watu wakajaa: wapakiaji, wauza mandazi, mashofere wenzangu. "Unachemusha makusudi, juu niuze gari! Siku ya tano shemeji yangu njo atashika usukani. Atapeleka mama na batoto ku ndoa, Mahagi. Weye utabaki."

Mtu akinitukania sura yangu, nitacheka naye. Lakini parking ikishasema fulani anaua motere, hakuna patro mwingine atakayempa ufunguo, hata wa baiskeli. Watoto wangu walikuwa wanakula kwa jina langu zuri, na yeye alilitupa chini kama ganda la njugu zake.

Nyumbani niliongea peke yangu mpaka mke wangu, aliyekuwa anafua mashati ya shule, akaanza kunicheka.

"Baba ya batoto, maji haina rangi. Utaiona namna gani kwenye inapita? Utie rangi, basi!"

Akanipa ile buluu ya kufulia nguo nyeupe. Nilitaka kumkasirikia na yeye, nikakosa sababu.

Katika safari yangu ya mwisho, siku moja kabla ya ile ndoa, niliikoroga buluu ndani ya radiateri nikaenda Nizi na kurudi. Maji yalishuka kama kawaida. Nikakagua kila bomba, kila kona ya motere, nikalala chali chini ya gari. Buluu, hapana. Nilikaribia kulia.

Asubuhi nilikwenda parking kuchukua blanketi langu. Mama, mke wa patro, na watoto walikuwa wameshapanda mbele, wamependeza, na shemeji anachezesha ufunguo kidoleni. Nikakumbuka ni siku ya kutapisha gari. Ndivyo tunavyosema sisi mashofere: mara moja kwa juma unavuta pete chini ya matangi ya upepo wa freni, na maji machafu yanatoka. Ituri ni nchi ya mvua, hakuna anayeyatazama yale maji. Ya lori yangu yalikuwa yanazidi juma baada ya juma, na kila mtu, hata fundi, alisema ni unyevu wa mvua.

"Patro, niache niitapishe mara ya mwisho."

"Fanya mbio," alisema, akasimama pembeni na viatu vyake vya kanisani.

Nikavuta pete. Pshaa! Yakatoka maji mengi, yenye mafuta na kutu, na ni ya buluu. Buluu kabisa! Yakamrukia patro viatuni.

Kompresa! Ndiyo inayotia upepo wa freni, na inapozwa na maji yaleyale ya motere. Ilikuwa imepasuka ndani, inayanywa maji na kuyatema kwenye freni.

"Shusha batoto!" nilipiga kelele. "Patro, shusha batoto! Freni imejaa maji! Ungewatuma ku milima ya Mahagi na hii gari?"

Mama aliruka chini akimkumbatia mdogo. Shemeji aliweka ufunguo juu ya bodi ya gari, akaondoka bila kuaga. Watu walewale walikuwa wamejaa tena, na wote waliiona ile buluu.

Patro alitazama viatu vyake, akawatazama watoto wake. Akachukua ufunguo, akanisogelea karibu sana, akanong'ona samahani yake kwa Kifaransa: "Pardon."

Nikaiweka mikono yangu nyuma.

"Hapana, patro. Sema mu Swahili, na useme kwa nguvu. Ile siku ulinitukana mu Swahili, bote balisikia."

Akakohoa. Akawageukia watu, akasema kwa nguvu kwamba si mimi niliyeua motere, na akaniomba msamaha. Nikapokea ufunguo, nikaenda kufungua kompresa.