La Sivyo, Apumzike

Mwanangu, ipo siku moja ya baridi ambayo hainitoki, na juma hili imenirudia kwa nguvu, kwa sababu Jumamosi tumemzika Mama Furaha, nami bado sijui nikae wapi na huzuni yangu. Ilikuwa Jumatatu, miaka ya tisini. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mtu wa Kigoma, nakaa Rexdale, huku ughaibuni, napakua mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Shule yangu iliishia darasa la saba. Lakini nilikuwa nimesoma kompyuta wiki sita pale maktaba, na kujua kidogo kuna ulevi wake.

Kanisani kwetu mtu akifiwa, wenzake hukaa naye siku tatu, asubuhi hadi jioni, wakipika na kunyamaza naye. Shida ilikuwa kazi: huyu yuko kiwandani mchana, yule usiku. Nikasema, nipeni majina, kompyuta ya ofisi ya kanisa itapanga. Kila mtu akajaza fomu: jina, simu, zamu ya kazi. Nikaingiza yote kwenye jedwali, kisha nikaandika programu ndogo ya kulisoma mstari kwa mstari. Ilikuwa na masharti mawili tu. Kama anafanya kazi usiku, aende msibani mchana. Kama anafanya kazi mchana, aende jioni. Mwalimu alitufundisha kwamba mwishoni tuweke na la sivyo, ili mashine ijue la kufanya ikikuta kitu kingine. Nikaweka: la sivyo, apumzike. Niliona ni adabu.

Niliijaribu kwa majina matano ya kubuni, ikajibu sawasawa. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angeniambia siku ile?

Jumapili moja Mama Furaha, mjane kutoka Bukavu aliyekaa Thorncliffe Park, alipata habari kwamba mama yake amefariki. Kusafiri hakuweza, karatasi zake za ukimbizi zilikuwa bado. Baada ya ibada nikachapa vikaratasi, kila mtu chake, nikavigawa mlangoni. Matanga yangeanza kesho yake.

Kesho yake, jua linazama, simu ikalia. Alikuwa Mzee Barnaba, mzee wa kanisa.

"Elia, uko wapi?"

"Nyumbani, mzee. Kikaratasi kimesema nipumzike."

"Nani aliyekiandika?"

"Mimi."

"Basi vaa viatu, mwandishi. Huku hakuna mtu."

Njia nzima, kwenye basi la Kipling na treni na basi jingine, nilirudia masharti yangu kichwani, moja baada ya jingine, nisione kosa. Usiku, mchana. Mchana, jioni. Nilikuwa kama mtu anayetafuta miwani huku ameivaa.

Nilipofika nilikuta viti kumi na vinne vimepangwa ukutani, vingine vimeazimwa kwa jirani Mpakistani. Chupa tatu za chai zilikuwa hazijafunguliwa. Wageni walikuwa Mzee Barnaba na mkewe tu, nao walikuwa wameingia jioni ile ile.

"Karibu, mwanangu," Mama Furaha akasema. "Umekula?"

Nikaanza kumweleza habari za mashine. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Kisha akasema, "Mimi nilidhani nimekosea mtu. Tangu asubuhi nahesabu makosa yangu, nitafute ni lipi limewafukuza."

Mzee Barnaba akaniuliza, "Wewe mwenyewe kwenye fomu uliandika zamu gani?"

"Sikuandika kitu, mzee. Wakala wa kazi hunipigia alfajiri. Sijui nitaitwa lini."

"Na hawa wengine unadhani wana kazi za kudumu?"

"Labda mchungaji," mkewe akasema.

Hapo ndipo nilipoanza kuona. Karibu sote tulikuwa watu wa kuitwa na wakala. Karibu sote tuliacha kile kisanduku kitupu, na kisanduku kitupu si usiku wala si mchana, kwa hiyo mashine ilituangusha sote kwenye la sivyo. Asiyekuwapo na lake halipo.

Mama Furaha akamimina chai. "Kwetu," akasema, "mtu akisikia kilio huja kwanza. Akiwa na dharura, ndipo anaomba ruhusa ya kuondoka. Wewe umeanza na ruhusa."

Usiku ule nilipiga simu nyumba kwa nyumba. Asubuhi nikaenda ofisini, nikabadilisha neno moja: la sivyo, aende. Siku ile ya pili viti havikutosha, watu wakakaa sakafuni hadi kwenye korido ya lifti.

Mwanangu, mashine nilikuja kuielewa. Kinachonichanganya hadi leo ni mimi. Jumatatu ile wakala hakuniita. Nilikaa kitandani natazama dirisha, najua anakoishi, najua amefiwa, na karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu ikanitosha. Wenzangu nao iliwatosha. Mama Furaha alinisamehe siku ile ile. Lakini wiki iliyopita, nikiwa kando ya kitanda chake hospitalini, nilitaka kumuuliza kama aliwahi kuyasahau yale masaa ya peke yake. Nikashindwa. Sasa sitajua.

Basi sikia. Leo mnapanga mambo yenu kwa simu na programu zaidi kuliko sisi, nami siwakatazi. Lakini kabla hujaandika sharti lolote juu ya watu, jiulize yule asiyejaza kitu utampeleka wapi, kwa maana huko ndiko watakakoangukia wengi. Kuuliza si ujinga, kampigie simu. Na palipo na kilio, usisubiri jina lako litokee. Nenda, hata kama hujui la kusema. Kaa kwenye kile kiti.

Mungu akupe mlango usiokosa mtu wa kubisha hodi siku yako ya huzuni, na miguu myepesi siku ya huzuni ya mwenzako. Amina.