Mwanamke wa Sari ya Kijani

Ilianza Jumapili, saa nane na robo mchana, sahani zikiwa zimetolewa mezani na anko akiwa bado anachokonoa meno. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimeikazia macho pale ukutani nikiiomba ikimbie.

Kwa anti yangu huko Bungoma, chakula cha Jumapili hakiishi kwa kula. Kila aliye sebuleni lazima asimame aseme neno. Mgeni, mtoto, hata fundi wa mabomba aliyewahi kukuta chakula mezani, wote wamesimama. Anko ni mzee wa kanisa, na alikaa ofisi ya serikali miaka mingi, nadhani ndiko alikozoea kuona watu wamesimama mbele yake. Mimi nauchukia huo mtindo. Nikisimama, sauti yangu hurudi ndani na kukataa kutoka, halafu watu wanasema, “Ongea, hatukuli.”

Kaka yangu alikuwa kando yangu, amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Tulikuwa tumetoka Kitale asubuhi kwa sababu moja tu: stoo ya anko. Iko Kamukuywa, karibu kabisa na soko. Zamani alikuwa akiweka mahindi, siku hizi iko tupu.

Kaka yangu anaweka sauti kwenye sinema. Sinema ni ya Kihindi, hakuna anayeelewa, kwa hivyo yeye hupunguza sauti ya sinema, hushika maikrofoni na kuieleza kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Anakuwa staringi, anakuwa adui, anakuwa hata mbwa. Kitale mtaani kwetu wanamwita DJ. Lakini mwenye kibanda anachoonyeshea anataka kuweka meza za pool, na amemwambia kaka aondoke mwezi ukiisha. Kaka hajui kazi nyingine. Asipopata ile stoo, basi.

Na alikuwa karibu kuipata. Ufunguo ulikuwa pale mezani, juu ya kitambaa cha kufuma, anko ameuweka mwenyewe kabla ya kuombea chakula.

Binamu yangu ndiye aliyeharibu. Yuko kidato cha tatu kama mimi, ila yeye shule yake ni ya bweni, na akirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyekuja kukagua.

“Daddy, leo tusiongee mambo ya sermon bana,” akasema. “Kila mtu aseme movie ameona juzi juzi, na kama ilikuwa poa.”

Anko akacheka, akakubali. Binti yake hanyimwi kitu.

Anti akaanza. “Mimi niliona ile ya Nigeria. Huyo mama mkwe alikuwa na roho mbaya mpaka nikazima TV nikaenda kuangalia kuku. Sikumaliza. Lakini ilikuwa nzuri sana.”

“Hukumaliza na ilikuwa nzuri?” anko akamuuliza.

“Si ndiyo nasema. Ilinichoma.”

Anko akasema yeye aliona ya vita. Kwa maoni yake ilikuwa upuzi, kwa sababu watu walipiga risasi mwanzo hadi mwisho na hakuna hata mmoja aliyeenda kuleta zingine. Hapo nilikubaliana naye, ingawa kimoyomoyo. Binamu akasimama na Kiingereza chake, akaeleza ya Wakorea. Sehemu kumi na sita. Kijana na msichana wanafika sehemu ya kumi ndipo wanashikana mkono, na akishamshika anakohoa damu. Binamu alisema ina hisia nzito. Mimi naona mtu anayekohoa damu aende hospitali.

“Na huyu wa Kitale?” anko akasema. “Mama, simama. Usiogope, hapa hatuumi.”

Nikasimama. Nikachagua sinema ya kaka, ile ya mwisho niliyoiona kibandani. Nilifikiri namsaidia. Nilitaka anko asikie ni kazi ya maana, si kelele za vijana.

Nikasema kuna staringi, mkulima, mwenye masharubu, akipiga mtu teke mtu anapaa mpaka juu ya paa. Hapo sijali sana, mateke yote yanafanana. Nikasema uzuri wa ile sinema ni yule mwanamke wa sari ya kijani. Anakuja kijijini, anaketi kando ya kisima, hana haraka. Staringi anamuuliza wewe ni nani, naye anamwambia, “Mimi ndiye niliyekuzaa. Sikukuacha barabarani. Nilikuacha kwa nyanya yako, nilikuacha mahali kuna uji.” Staringi anageuka, anataka kwenda. Halafu anarudi na karai la maji, anapiga magoti, anamwosha miguu.

Sijui sauti nilitoa wapi. Niliisema yote bila kukwama, maneno ya kaka kama alivyoyasema kaka. Niliona anti ameacha kukusanya vikombe. Niliona kaka anatazama viatu vyake, nikafikiri anaona haya kwa sababu namsifu.

Binamu akapasuka kicheko.

“Haiya! Hiyo movie mimi nimeona! Si huyo mama amekuja kununua shamba?”

“Shamba gani?” nikauliza.

“Shamba ya staringi wako! Yeye ni tajiri wa town. Ati mamake! Mamake alikufa mwanzo kabisa, kwa moto. Kwani ulikuwa umefunga macho?”

“Anaoshwa miguu,” nikasema.

“Si ni mgeni? Kwao mgeni anaoshwa miguu. Wewe uliangalia na nini, na pua?”

Akakimbilia chumbani, akarudi na laptop. Ningemwomba mtu yeyote umeme upotee. Bungoma yote umeme hupotea, siku ile ukakaa.

Akatafuta sehemu ile ile. Kisima. Sari ya kijani. Chini ya picha yakatokea maandishi, naye akayasoma kwa sauti, akiyageuza Kiswahili, kwa raha. Mwanamke anasema bei aliyotaja ni nzuri. Staringi anasema shamba la baba yake si la kuuzwa. Mwanamke anasema afikirie. Karai linaletwa. Staringi anasema, mgeni ni mgeni hata akiwa adui. Anaosha. Mwisho.

Hakuna uji. Hakuna nyanya. Hakuna mtoto aliyeachwa.

Anko akavua miwani.

“Kijana, wewe unasikia Kihindi?”

“Hapana, anko.”

“Na haya maandishi, unayasoma?”

“Huwa nayatoa. Yanasumbua watu.”

“Kwa hivyo unawaambia watu kitu hakuna.”

“Wanajua, anko. Hakuna mtu anakuja kusikia Mhindi amesema nini. Wale wamama wa mboga wanakuja, wanalia, wanafurahi, kesho yake wanarudi na majirani.”

“Hata mganga anarudiwa na majirani,” anko akasema.

Binamu akacheka tena. Kaka, mtu anayeweza kuwa staringi, adui na mbwa kwa wakati mmoja, alikosa neno lake mwenyewe.

“Mimi sijakasirika,” anko akaendelea, na kweli hakupandisha sauti, jambo lililonichukiza zaidi. “Lakini watu wa Kamukuywa wananijua. Siwezi kufungulia mtu nyumba yangu awadanganye ndani yake.” Akauchukua ufunguo, akauweka mfukoni mwa shati, akauliza kama kuna chai.

“Lakini ni funny, si ndiyo?” binamu akaniambia. “Usikasirike bana.”

Mimi si mtu wa kupiga watu. Nilimtazama tu, nikahesabu meno yake, nikajua ni lipi ningeanza nalo.

Tulioshea vyombo nje, mimi na anti, kando ya tangi. Nilikuwa nasugua sufuria kama nimegombana nayo. Anti ni dada ya baba, ndiye mtu pekee upande ule anayeongea na mimi bila kuniambia nipaze sauti.

“Hayo maneno ya uji,” akasema. “Unajua ni ya nani?”

“Ya kaka.”

“Ni ya mama yenu.”

Nikaacha kusugua.

“Siku aliondoka, nilikuwa nimesimama kwa geti ya shosho, nyanya yenu. Alisema hivyo hivyo. Siwaachi barabarani, nawaacha mahali kuna uji. Wewe ulikuwa mgongoni mwa shosho, umelala. Kaka yako ndiye alikuwa amebeba mkoba wake mpaka barabarani.”

Nilikuwa sijui. Ninachojua kuhusu mama ni kwamba yuko Malakisi, ana mume mwingine na watoto wengine, na hajawahi kuja kututembelea. Hilo linanitosha, sijawahi kutaka zaidi.

Halafu nikakumbuka kibandani. Nililia kwenye ile sehemu. Nilijificha nyuma ya mama muuza sukuma wiki ili kaka asinione, nikamlilia mwanamke wa sari ya kijani, nikaona ni sawa kabisa aoshwe miguu. Kumbe nilikuwa namlilia nani.

Anti akasogea karibu. “Anko wako si mtu mbaya. Yeye pia alilelewa na nyanya, huko Naitiri. Akijua hayo maneno yalitoka wapi, atalainika, namjua. Atampa ile stoo. Asubuhi huwa kwa ng'ombe peke yake. Mwendee umwambie.”

“Mwambie wewe.”

“Mimi nikisema ni dada anatetea watoto wa kaka yake. Na huyo kijana hawezi kusema, atakufa na haya. Wewe anko wako anakusikiliza. Leo umeongea vizuri sana.”

Kaka nilimkuta nyuma ya nyumba kabla jua halijazama, anafuta spika aliyokuja nayo kumwonyesha anko. Haikuwa na vumbi.

“Yale maneno ni ya mama,” nikamwambia.

“Nani amekuambia?”

“Ni anti.”

Akafuta tena. “Ile sehemu ni ndefu. Wanaongea, wanaongea, hakuna ngumi. Watu wanaanza kutoka. Lazima niseme kitu.”

“Ungesema kitu kingine.”

“Hicho ndicho kilikuja.”

“Na kwa nini umemsamehe?”

“Si mimi. Ni staringi.”

“Staringi ni wewe! Kila siku ni wewe! Umemwosha miguu mbele ya kibanda kizima na hukuniuliza. Mimi sijamsamehe.”

“Kwani nimekuambia umsamehe? Lakini ulilia. Nilikuona.”

Hapo ndipo nilimchukia kuliko binamu, kuliko anko na miwani yake. Alikuwa ameniona, akanyamaza, akaendelea na maikrofoni yake.

“Afadhali hata umenyimwa hiyo nyumba,” nikasema.

“Haya,” akajibu, kana kwamba nimemwambia mvua inakuja.

Usiku anti alinitandikia chumba cha binamu. Binamu akaniuliza eti kaka ana sinema ngapi, na kama kwenye ile ya kisima yule mama anarudi tena kwake au anabaki kijijini. Alitaka kweli kujua. Alikuwa na sinema yenyewe kwenye laptop, na maandishi yake yote ya chini, na bado alitaka kusikia mwisho wa kaka. Nikageukia ukutani.

Jumatatu asubuhi niliamka mapema. Nilisikia ndoo, nikajua anko ameshafika kwa ng'ombe. Nikavaa sweta, nikapita jikoni. Anti alikuwa anawasha moto. Alinifungulia mlango wa nyuma.

Anko alikuwa ameinama, anaosha chuchu kwa maji ya vuguvugu.

“Umeamkaje, anko?”

“Salama, mama. Umelala vizuri?” Akaniangalia kwa ukarimu, nikajua anti ameshamdokezea kwamba nina neno. “Kuna kitu unataka kuniambia?”

Nilikuwa nalo, tayari mdomoni. Ningeanza na geti ya shosho, na mkoba, na kaka akiwa mdogo. Ningelisema vizuri, najua, kama jana. Anko angeacha kukamua. Pengine angetoa machozi, wazee wa kanisa hutoa machozi haraka. Angetia mkono mfukoni. Kaka angepata stoo, na angeipata kwa ajili ya yule mwanamke wa Malakisi, na kila siku ya soko Kamukuywa watu wangeingia kumlilia, na mimi ndiye ningekuwa nimewafungulia mlango.

“Anti anasema chai iko karibu,” nikasema.

“Hiyo tu?”

“Hiyo tu.”

Akatikisa kichwa, akarudi kwa ng'ombe wake. Nikarudi ndani nikipita mlango wa mbele ili nisikutane na anti, nikakunja blanketi nililolalia, nikatoka nikaibeba ile spika hadi barabarani, yanakopita magari ya Kitale, nikamngoja kaka hapo.