Chokaa ya Mnyama Mwenye Pembe

Harufu ya chokaa mbichi, ile inayotoka ndoo ikishamiminiwa maji na chokaa ikaanza kutokota yenyewe bila moto, hunifukuza nyumbani kwangu mwenyewe. Kila Desemba wajukuu wakikoroga chokaa ya kupaka kuta kwa ajili ya Krismasi, mimi huchukua kigoda changu nikaenda kukaa upande wa zizi, kwenye samadi, ambako hakuna harufu inayonidai kitu. Wao hucheka. Husema bibi anaogopa usafi. Nawaacha wacheke, maana watoto wenye brashi mikononi hawana sikio la kusikiliza. Ninyi mnaosoma mmeshakaa chini, kwa hiyo ninyi nitawasimulia.

Nilizaliwa Nyangoto, upande wa Tarime, si mbali na mto Mara. Katika miaka ya hamsini nilikuwa msichana mdogo wa kuchunga ndama. Baba yangu, Marwa, alikuwa na zizi dogo pale njia ya kutoka mtoni inapoanza kupanda kuja kijijini, na kukaa kwake njiani ndiko kulikotuponza. Usiku mmoja watu waliiba ng'ombe ng'ambo, huko Kenyamonta, wakawavusha mto. Asubuhi wenye ng'ombe wakaja na mikuki yao wakifuata nyayo, vichwa vimeinama, hawasalimii mtu. Mvua ya alfajiri ilikuwa imenyesha kuanzia kwetu kwenda juu mlimani, bondeni kukabaki kukavu. Basi nyayo zikaja vizuri kabisa mpaka mbele ya zizi letu, na hapo zikaisha.

Desturi ya kwetu ilikuwa hiyo: nyayo zikiishia kwako, ni kazi yako kuonyesha zilikoendelea. Ukishindwa, ng'ombe walioibwa ni juu yako. Baba aliizunguka ile ardhi siku nzima, amechuchumaa, akitafuta walau ukwato mmoja unaotoka kwetu kwenda kwingine. Nami nilizunguka nyuma yake, kila shimo la kidole nikimwita aje aone. Hatukupata kitu.

Baba hakuwa mwizi. Sisemi hivyo kwa kuwa ni baba yangu. Wezi wa ng'ombe tuliwajua kwa majina, walikuwa wakiimbwa kwenye ngoma na wasichana wakiwagombania. Baba hakuwahi kuimbwa na mtu. Alikuwa mtu wa kutokwa na machozi ndama akifa, halafu akasingizia moshi. Baraza likampeleka boma la Tarime, boma likampeleka gerezani Musoma, na mimi nikabaki na ndama.

Aliyetuletea habari za mnyama ni baba mdogo, Mwita. Alikuwa amerudi kutoka vita vya Wazungu na koti refu la kijeshi ambalo hakulivua hata jua likiwa la utosi, pamoja na Kiswahili ambacho nusu yake ilikuwa matusi. Siku hiyo alikuwa ametoka Musoma kuuza ngozi, akakaa mlangoni pa jiko la mama na kuanza kusimulia maajabu ya mji. Alisema mbele ya ofisi ya Mzungu mkubwa wamesimamisha sanamu mbili za saruji, tangu mwaka ule wa kutawazwa kwa Malkia. Moja ni simba. Simba si kitu, simba tunamjua. Lakini wa pili ni mnyama ambaye watu wanatoka Majita, wanatoka Shirati, kuja kumtazama tu: ana mwili wa pundamilia aliyefutwa mistari, na pembe moja ndefu katikati ya paji la uso.

Mama akaacha kusaga. Mikono ikabaki juu ya jiwe.

“Pundamilia?” akauliza.

“Mweupe, Mama Bhoke. Ndiye mnyama wa nyumba ya Malkia, yeye na simba. Ndio wanaoilinda.”

Kwa asiyejua, kila ukoo kwetu una mnyama wake, na sisi ni watu wa pundamilia. Hatuli nyama yake, hatukalii ngozi yake. Ukimkuta amekufa porini unakata majani mabichi ukamfunika, ndipo unaendelea na safari yako. Na mtu wa pundamilia, hata atoke mbali asikojulikana, akifika kwako ni wa kwenu. Huwezi kumfungia mlango. Mama alilaza kichwa usiku ule akiwa amekwisha kukata shauri. Kama Malkia ni wa pundamilia, basi serikali imemshika ndugu yake bila kujua, na kazi iliyobaki ni kwenda kuwajulisha. Baba mdogo alijaribu kumweleza kwamba mambo ya Wazungu hayaendi hivyo. Mama akamwuliza yanaendaje. Baba mdogo akatoa tusi moja, kisha akauliza tunaondoka lini.

Tulitoka watu watatu: mama, baba mdogo kwa ajili ya Kiswahili chake, na mimi kwa kuwa nililia sana. Mama alibeba kibuyu cha maziwa ya mgando, siagi iliyofungwa kwenye jani la mgomba, na konzi ya nyasi alizozing'oa palepale mbele ya zizi letu. Kwetu mtu akija na nyasi mkononi anaomba, na haruhusiwi kupigwa. Tulitembea hadi Tarime, tukapanda lori la Mhindi juu ya magunia ya mahindi, tukavuka mto Mara kwa kivuko pale Kirumi. Mama alitapika njia nzima, lakini zile nyasi hakuziachia. Alikuwa akizinyunyizia maji ya kunywa zisinyauke.

Nakumbuka upepo wa ziwa, na harufu ya samaki iliyonishangaza mtoto wa ng'ombe kama mimi. Halafu nikamwona. Jamani, alikuwa mzuri! Alisimama juu ya jukwaa la mawe, mguu mmoja wa mbele umeinuliwa, mweupe pepepe hadi macho yaliuma. Nilikimbia nikamkumbatia ule mguu uliobaki chini. Nilipojitoa, mikono yangu ilikuwa myeupe hadi kwenye viwiko, na harufu yake kali ikanipanda puani. Baba mdogo akaniambia niache kujichafua. Mimi nikajiona nimepambwa.

Mama hakuwa akitazama weupe. Alikuwa akitazama mnyororo. Ulianzia shingoni mwa mnyama, ukapita mgongoni, ukashukia miguuni, na wenyewe haukuwa umepakwa chokaa. Mwili mzima unang'aa, mnyororo umeachwa na weusi wake wa saruji yenye kuvu.

“Kwa nini wamemfunga?” mama akauliza. “Simba hawakumfunga.”

Baba mdogo alikuwa amewauliza watu wa mjini tangu safari ya kwanza, akajibu kwa kujigamba kidogo. “Wanasema huyu ni mkali kuliko simba. Hashikiki. Ndiyo maana.”

“Amemuua nani?”

“Hajamuua mtu. Hayupo duniani, shemeji. Wamemtunga tu.”

“Wamemtunga wenyewe,” mama akasema, “na bado wakaona wamfunge.”

Hata hivyo akafanya alilolijia. Aliweka nyasi miguuni pa mnyama, akamimina maziwa, akampaka siagi kwenye kwato na kumwambia jina la baba, jina la babu, na jina la zizi letu, akimweleza juu ya mvua ya alfajiri ile. Alizungumza naye taratibu, kwa heshima zote, kwa Kikurya. Watu waliokuwa wakipita walisimama, wengine wakacheka.

Askari wa magereza aliyekuwa akisimamia wafungwa wanaofyeka majani akaja mbio na rungu lake. “Ondokeni hapo! Huyo si wa kupakwa siagi!” Alipomsikia mama akimwomba kwa Kikurya, akateremsha rungu. “Mura,” akamwambia baba mdogo, kama Mkurya anavyomwita kijana wa kwao, “ninyi ni wa wapi?”

“Nyangoto. Tumekuja kwa Marwa.”

Yule askari akavua kofia. Mimi nilidhani ni joto. Aliwachukua mama na baba mdogo pembeni, chini ya ukuta wa ofisi, akasema nao kwa sauti ndogo, huku mimi nikiendelea kusugua viganja vyangu kwenye mguu wa mnyama ili viwe vyeupe zaidi. Mama hakupiga yowe. Alirudi, akakata majani mabichi kwenye ua wa ofisi ya serikali, askari akimwona na asimzuie, akapanda juu ya yale mawe na kumfunika mnyama shingoni, palipokuwa na mnyororo. Aliyapanga majani vizuri, moja juu ya jingine. Kisha akanishika mkono tukaondoka. Nilipouliza kama tutamwona baba, baba mdogo alisema baba amehamishwa.

Kule Kirumi abiria walishuka kunawa. Baba mdogo akanivuta majini, maana nguo na mikono yangu vilikuwa aibu tupu. Mama akamshika koti kwa nyuma. “Mwache,” akasema. “Usimnawishe.”

Nyumbani nikapewa raha ambayo sikuielewa. Sikutumwa mtoni. Sikukamua. Chakula mama alinilisha kwa mkono wake mwenyewe nikiwa msichana mkubwa wa kuchunga, na usiku alilala amenishika viganja vyote viwili, amevilaza kifuani pake. Wazee wa ukoo walikuja kusema naye nje kwa sauti za ukali. Nilisikia wakimwuliza anangoja nini. Sikujua angoje nini, wala afanye nini. Mimi nilikuwa nikifurahia ugali wa kulishwa.

Halafu siku moja mama akiwa shambani, ndama mmoja akakimbilia mtoni nami nikamfuata. Maji yalikuwa ya kiuno. Nilimshika shingo, tukavutana, akanizamisha na mimi nikamzamisha, tukatoka wote tumelowa na mimi nacheka peke yangu. Niliporudi mama alikuwa ameketi mlangoni. Aliniomba mikono. Akaigeuza huku na huku, akavinusa viganja, akaviachia. Nilifikiri amekasirika kwa kuwa nimechelewa. Akanyanyuka, akaenda kwa mama mkwe wake, na jioni ile akarudi amenyolewa nywele zote, amevuliwa shanga. Ndivyo nilivyojua kwamba baba amekufa.

Miaka ikapita. Uhuru ukaja, sanamu zikavunjwa, na mimi nikawa mwalimu wa shule ya msingi huko Nyansurura. Siku moja baba mdogo Mwita, mzee sasa, koti lile bado mgongoni, alikuja kunitembelea akawakuta wanafunzi wangu wakipaka chokaa darasa. Nikamwamkia, “Shikamoo, baba.” Alikuwa amesimama anavuta ile harufu, kisha akakaa juu ya jiwe na kuniambia yale aliyoyasema askari chini ya ukuta wa ofisi. Mama alikuwa amemwapisha asiyaseme, na mama alikuwa amekwisha kufa.

Kulikuwa na mgeni mkubwa anakuja Musoma, na wafungwa wakatolewa kusafisha mji. Kazi ya kupaka zile sanamu mbili ikamwangukia baba. Alimpaka simba. Akampaka na mnyama mwenye pembe, kuanzia manyoya ya shingo hadi kwato, kwa uangalifu, kama mtu anayemwogesha ng'ombe wake. Alipofika kwenye mnyororo akaweka brashi chini. Akasema yeye ni wa pundamilia, na akiupaka mnyororo ule atakuwa amemfunga ndugu yake. Walimpiga. Hakuushika. Mgeni akafika, mnyororo ukabaki vile vile, na baba akapandishwa meli kupelekwa gereza la mbali, la wakaidi. Huko akashikwa na kifua, akafa, akazikwa na watu wasiojua jina la zizi letu. Sisi tulikuja na siagi yetu akiwa amekwisha kuzikwa.

Hatukupewa mwili wala kaburi. Chokaa ile ndiyo kazi ya mwisho ya mkono wa baba tuliyoiona, na mimi niliibeba mikononi kutoka Musoma hadi Nyangoto nikijiona nimepambwa. Ilipokuwa bado ipo kwenye viganja vyangu, mama hakutaka kuwa mjane.

Krismasi iliyopita mjukuu wangu mdogo, yule asiyejua kutulia, aliacha brashi akanifuata zizini. Akanishika mashavu kwa mikono yote miwili iliyojaa chokaa kuniuliza kwa nini nakaa peke yangu na ng'ombe. Mama yake akaja mbio na kitambaa kilicholowa, anaomba radhi, anataka kunifuta.

“Mwache,” nikamwambia. “Na mimi niache.”