Setilaiti Ilipofika Kilioni

Niliondoka Likasi kwa sababu nilikuwa na hamu ya kusikia simu ikiita. Mimi, Placide, nilikuwa telefonisti wa posta kwa miaka mingi, mpaka watu walipoanza kufukua nyaya za simu ardhini na kuziuza kama shaba. Sikuwalaumu sana. Mwenye njaa hana miiko, na siku zile mshahara ulikuwa umegeuka hadithi ya kuwasimulia watoto. Lakini ilinichekesha kwa uchungu kwamba mji uliochimba shaba ya kuunganisha dunia nzima umeuza hata ule waya uliotuunganisha sisi kwa sisi. Kazini niliendelea kwenda, kwa mazoea tu. Nilikaa mbele ya mtambo uliokufa nikaupangusa vumbi.

Hapo ndipo akanijia Honorable, mbunge wetu. Sijui nani alimchagua, maana kura hatukupiga. Alikwenda Kinshasa mtu wa kawaida akarudi na cheo, suti mbili na kisanduku cheusi kama cha wakili. Ndani ya kisanduku mlikuwa na simu. Ukielekeza kifuniko cha kisanduku angani, upande hasa iliko setilaiti, kinazungumza nayo, na kutoka hapo unaongea na yeyote duniani mwenye simu. Hakihitaji waya wa kuibwa.

"Technicien," akaniambia, "tunaenda kupeleka telefone ku pori. Miye nitasema discours, weye utashika mashini."

Akaniahidi gunia la unga. Nilikuwa tayari kwenda hata bila unga, ila hilo sikumwambia.

Asubuhi tukaondoka na pikapu yake, dereva na Honorable mbele, mimi na kisanduku nyuma. Kisanduku kilifunikwa blanketi kama mtoto mchanga. Mimi sikupewa kitu. Mpaka Kambove nilikuwa nimebadilika rangi kwa vumbi, kofia na nyusi zote nyekundu.

Kambove tulisimama kutia maji kwenye injini. Wachimbaji waliokuwa wakitwanga mawe kando ya barabara wakatuzunguka, na Honorable, ambaye akiona watu watatu huona mkutano, akafungua kisanduku na kuwaeleza maajabu yake. Walisikiliza kwa adabu. Kisha mmoja wao akauliza swali la maana:

"Honorable, hii mashini, ndani iko na shaba?"

Honorable akafunga kisanduku haraka sana, na tukaondoka kabla injini haijapoa.

Baada ya Kambove barabara ilikuwa jina tu. Tulipishana na watu wanaosukuma baiskeli zilizobeba mkaa, na wao ndio waliokwenda mbio kuliko sisi. Penye mito tulishuka tukapanga magogo upya, gari likapita, tukapanda tena. Njia nzima Honorable alikuwa akiikariri hotuba yake kwa sauti: "Kuanzia leo, mbali haiko tena mbali!" Kila aliposema hivyo gari lilitumbukia shimoni.

Kasekelwa tulifika jua likiwa kali. Kijiji hicho ndicho alichokichagua kwa uzinduzi, na alikuwa ametuma habari mapema watu wakusanyike. Kweli walikuwa wamekusanyika. Kwa mbali tukasikia sauti za wanawake zikipanda na kushuka, na Honorable akasimama ndani ya gari, kichwa nje ya dirisha, akawapungia mikono yote miwili. Aliendelea kupunga mpaka tulipoingia uwanjani, akakuta wanawake wameketi chini vichwa wazi, wanalia. Umati haukuwa wetu. Palikuwa na kilio.

Aliyekufa ni fundi mashine mmoja, Donatien, ambaye kampuni ya migodi ilipoacha kulipa alirudi kijijini kulima mahindi. Alikata roho jana yake asubuhi. Aliyetupokea ni mdogo wake, Crispin, mtu mwenye maneno mengi na macho yasiyotulia. Mjane, Mama Georgette, alikuwa ameketi mlangoni, amenyamaza, kwa sababu upande ule mjane hasemi mbele za watu mpaka mume azikwe. Crispin akatueleza shida yao. Kwa desturi yao maiti haizikwi mpaka mjomba, kaka wa mama yake marehemu, atoe neno. Mjomba huyo alikuwa na duka Kitwe, huko Zambia. Mjumbe wa baiskeli kwenda na kurudi angechukua siku nyingi, na kwa joto lile maiti haingengoja. Na mjane akizika bila neno la mjomba, ukoo wa mume utasema yeye ndiye aliyemla mumewe kwa uchawi. Atafukuzwa na kitambaa alichojifunga, basi. Nyumba ilikuwa ya mabati, ya pekee pale kijijini. Crispin aliyatazama mabati yale mara nyingi kuliko alivyomtazama maiti.

Lakini namba ya mjomba walikuwa nayo. Ilikuwa imeandikwa kwa makaa ukutani, tarakimu kubwa, katika kijiji ambacho hakijawahi kuona simu.

Honorable alitaka kwanza kumpigia waziri, asikie uzinduzi moja kwa moja. Kisha akatazama umati, akaona faida. "Bon. Tusaidie kwanza hawa maskini."

Nikaunga kisanduku kwenye betri ya pikapu, nikazungusha kifuniko polepole mpaka taa ya kijani ikawaka, nikapiga namba. Ikaita! Nakiri mate yalinikauka kwa furaha, kilioni pale pale. Crispin, kama ndugu wa marehemu, akapewa mkono wa simu. Sisi wengine tulisikia upande mmoja tu.

"Allô? Mujomba? Ni miye Crispin… Eeh, jambo sana, mujomba… Tuko. Na weye? Na mama? Na batoto?… Bote? Aksanti Mungu. Na ule alikuwa na malaria?… Alipona? Vizuri. Na duka?… Eeh. Na mbuzi?"

Niliitazama sindano ya betri ikishuka. Hakufika kwenye kuku, namshukuru.

"Huku? Tuko bien, mujomba… Ni Donatien tu. Iko mugonjwa kidogo."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Hivyo ndivyo inavyosemwa. Habari ya kifo haimwagwi usoni mwa mtu. Mjumbe hufika, husema "mgonjwa kidogo", na msikilizaji humtazama miguu iliyojaa vumbi na macho yasiyolala, akaelewa, akaanza kufunga mzigo. Ila ndani ya simu hakuna miguu.

"Kusema naye?… Hapana, mujomba, iko nalala… Kumulamusha? Eee… analala nguvu." Akatokwa jasho. "Eeh. Aksanti sana, mujomba." Akanirudishia mkono wa simu, akautangazia umati: "Atatuma dawa."

"Voilà!" Honorable akapiga makofi. "Communication!"

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Setilaiti imezungushwa juu ya dunia kwa akili zote hizo, ili maiti itumiwe vidonge. Na mpaka leo sijui kama Crispin alifanya vile kwa heshima au kwa mabati.

Mama Georgette akainuka. Akavuka uwanja, na minong'ono ikamfuata kama nyuki. Akasimama mbele yangu.

"Papa, piga tena."

"Mjane hasemi!" Crispin akafoka.

"Technicien, waziri angali anangoja," Honorable akasema.

Nilifanya kazi yangu ya siku zote. Telefonisti haulizi nani ana haki ya kusema. Nikapiga.

"Mujomba, ni miye Georgette. Bwana yangu alikufa. Alikufa jana. Iko mu nyumba, na jua ni kali. Benye walikuambia anaumwa, walikuficha. Useme neno, tumuzike." Akasikiliza, na machozi yakaanza kumtoka, yale aliyoyazuia tangu tufike. Kisha akamnyooshea Crispin mkono wa simu. "Anakuita weye."

Crispin akasikiliza. Uso ukamshuka. Akaubana mkono wa simu kifuani kwa kiganja, akatuambia: "Laini imekatika."

Lakini taa ya kijani ilikuwa inawaka. Angeweza kumdanganya mtu mwingine, si mtu wa posta. Nikamnyang'anya, nikaweka sikioni, na mjomba alikuwa bado anasema, kwa kilio na hasira: "…unasikia, Crispin? Mumuzike leo. Na nyumba ni ya ule mwanamuke na batoto yake. Mutu asimuguse!"

"Laini ni nzuri, mujomba," nikasema kwa ile sauti yangu ya zamani ya kazi. "Tafadhali rudia."

Nikatangaza neno lake mbele ya wote. Crispin akacheka: nani anamjua huyu mgeni wa Likasi? Ndipo shangazi wa marehemu, bibi mmoja mwenye fimbo, akaja akanyoosha mkono. "Lete na miye nisikie na sikio yangu." Akasikia. Akampa mwanamke wa nyuma yake. Ikawa foleni, kama ya kupokea komunyo: kila mtu akaja akainama, akamsikia mjomba akirudia neno lile lile, akaenda kuketi akiwa shahidi. Maskini mjomba alirudia mpaka sauti ikakauka. Honorable alizunguka foleni akilia, "Bandugu, batri! Batri ya kupigia waziri!" Taa ilizimika wakati zamu ilikuwa ya mchuuzi wa chumvi, mpita njia asiyehusika kabisa, na aliumia sana.

Alasiri tukamzika Donatien. Crispin alishika sepetu kama wengine. Mbele ya mashahidi wengi hivyo angefanya nini? Hotuba haikusomwa. Mama Georgette, ambaye sasa alikuwa huru kusema, akatuletea munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye kibuyu, akaniambia: "Papa Placide, ile mashini yenu ni muzuri. Ila iko na sikio moja tu. Ndiyo kosa yake."

Kuondoka kulikuwa kwa kusukuma, kwa sababu betri ilikuwa imekwisha. Kijiji kizima kilisukuma pikapu mpaka injini ikawaka, na Honorable naye, kwa suti, akasukuma. Ndiyo huduma pekee niliyowahi kumwona akiifanya kwa mikono yake.

Likasi, juma lililofuata, alitangaza redioni kwamba pori limeunganishwa na dunia. Kisanduku kiko sebuleni kwake, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, chini ya dari, mahali ambapo setilaiti haiwezi kukiona. Gunia la unga bado liko njiani. Mama Georgette yuko nyumbani kwake. Wauza mkaa wameniletea habari hiyo, kwa mdomo, wakiwa na vumbi miguuni.

Siku hizi watu wa vijijini wanapita posta kuniuliza lini simu ya angani itafika kwao. Nawauliza kwanza: kwenu kuna mwanamke kama Mama Georgette? Wakisema hakuna, nawaambia wangoje tu, simu haina haraka.