Kilio Kinachoonekana kwa Macho

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na ni kiziwi tangu utotoni, alipougua homa kali akapona kila kitu isipokuwa masikio. Huongea kwa mikono, na akiwa nasi huongeza sauti yake nzito isiyopanda wala kushuka. Midomo anaisoma vizuri kiasi kwamba ukitaka kumsengenya, geukia ukutani. Wateja wake hawabishi hodi. Hupitisha mkono dirishani na kupunga kitambaa mpaka ainue macho.

Basi akapata mjukuu wa kwanza. Likizo ya uzazi ya binti yake ilikuwa inayoyoma, na shangazi akatangaza kwamba mtoto atashinda kwake. Mkwe wake, dereva wa lori la maji, mtu mpole lakini akitia ngumu ametia, alikataa kwa adabu zote.

"Mama, usinielewe vibaya. Wewe uko kwenye cherehani, mtoto yuko chumbani analia. Utajuaje?"

Shangazi alimtazama midomo mpaka neno la mwisho. Walipoondoka nilimkuta amekaa kitandani, mikono imetulia mapajani. Nikajua ameumia.

"Huyo mke wake nani alimlea?" akaniuliza. "Nilimfunga uzi mguuni, ncha ya pili mkononi mwangu. Akirusha teke, naamka."

Mimi kazi yangu ni kuchapa barua za watu, kwa hiyo katika ukoo mzima nahesabiwa mtaalamu wa kompyuta. Nikamwambia siku hizi zipo programu za kuongoza vifaa vya nyumbani: kidude kinasikia sauti chumba hiki, taa inawaka chumba kile. Mtu aliyekuwa amenuna aliruka kutoka kitandani! Kompyuta alikuwa nayo, kuukuu, aliyotunzia picha za mishono. Akaifuta vumbi kwa ncha ya kanga.

Programu ya kwanza ilikuwa nzuri mno kwa macho. Tulibandika kidude chumbani, nikapiga kelele, na taa iliyo juu ya cherehani ikapepesa. Tulikumbatiana kama tumeshinda uchaguzi. Kesho yake mtandao ukakatika. Nililia kitoto mpaka koo likauma, taa kimya. Kumbe kila sauti ilisafirishwa kwanza hadi kwenye mitambo ya kampuni, huko mbali, ndipo amri irudi.

"Yaani mjukuu wangu alie hapa," shangazi akasema, "habari iende ughaibuni, ndiyo inirudie mimi chumba cha pili? Futa!"

Tukachagua nyingine, inayofanya kazi yote ndani ya kompyuta yenyewe, bila kumwomba mtu wa nje. Sura mbaya, na vya kujaza havina mwisho. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nilikuwa bado nakuna kichwa shangazi aliponinyang'anya kipanya. Kila amri ilikuwa na sehemu mbili: kikitokea hiki, fanya kile.

"Kumbe ni kushona tu," akasema, macho yanang'aa. "Kila kipande na mwenzake."

Akaunganisha mwenyewe: sauti ikivuka kiwango fulani, taa ipepese. Kisha akakaa kushona, na taa ikapepesa palepale. Akakimbia chumbani. Kitanda kitupu. Akarudi, akakanyaga pedali, taa ikaanza tena.

"Imeharibika!"

Mimi nilikuwa hoi kwa kicheko. "Shangazi, ni cherehani yako. Inapiga kelele."

"Kelele gani? Inatetemeka tu."

"Inanguruma. Mtaa mzima unaijua."

Akaiwekea cherehani kiganja, akanitazama kama niliyemwambia kwamba mumewe huimba. "Miaka yote hii? Na hamkuniambia?" Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Tulihamishia cherehani na taa yake chumba cha mbele, tukatundika pazia zito mlangoni kwa mtoto, tukapandisha kiwango kidogo kidogo, yeye akishona, mimi nikilia. Jirani mmoja alikuja kuuliza nani kafiwa.

Tukamwita mkwe aje ajionee, na Jumamosi akamleta mtoto. "Leo nitakaa naye humu humu nione," akasema, akavuta kiti kando ya kitanda. Mimi na binamu yangu, mkewe, tukabaki mbele, tukijifanya tunachagua vitambaa. Shangazi akashona. Isipokubali leo, mtoto atapelekwa kwa mlezi wa kulipwa, na shangazi atabaki bibi wa kutembelewa.

Taa ikapepesa.

Mimi sikuwa nimesikia kitu, wala mama wa mtoto, kwa jinsi cherehani ilivyokuwa ikinguruma. Shangazi alishainuka. Tukamfuata mbio, na pazia lilipofunguka tukakuta mtoto analia kwa nguvu zake zote, na kando yake baba mtu amelala fofofo kwenye kiti, kichwa nyuma, mdomo wazi. Shangazi akamwinua mjukuu, akamlaza begani. Mtoto akanyamaza.

Binamu yangu akamtikisa mumewe. Akafumbua macho, akamwona mama mkwe na mtoto, akatuona sisi mlangoni. Akajifuta mdomo haraka.

"Kwani alilia?"

"Sana," shangazi akamjibu.

Mkwe akafungua mdomo huku akitazama viatu vyake. Halafu akakumbuka kuinua uso, midomo yake ionekane vizuri.

"Mama, Jumatatu tumlete saa ngapi?"