Hesabu ya Kumi

Mara ya kwanza mama aliyeitwa Dobi kuingia kwenye yadi ya vitu kuukuu, alitaka mlango. Mwenye yadi, ambaye wateja walimwita Kata Bei kwa kuwa hakuwahi kuikata, alimwonyesha milango kumi na miwili iliyong'olewa kwenye nyumba zilizobomolewa. Yule mama akachagua mbovu kuliko yote: umepinda, hauna bawaba, mahali pa kitasa pamebaki tundu. Kata Bei akamuuliza nyumba gani hiyo itakayovaa mlango ule.

"Si wa nyumba. Mbwa wangu mzee ngazi zimemshinda. Nataka autumie kupandia."

Kata Bei akacheka mpaka akashika kiuno. Dobi hakucheka. Alikuwa anatazama kona ya yadi, ambako mbwa mkubwa wa kahawia, mnyororo shingoni, alikuwa akijaribu kuinuka kutoka kwenye saruji iliyolowa umande. Miguu ya mbele ilitangulia, ya nyuma ikagoma. Dobi alikuwa anahesabu chini kwa chini. Mbwa aliposimama, hesabu ilikuwa imefika ishirini na sita.

Huyo ndiye Askari. Miaka kumi na mmoja wezi walikuwa wakivuka barabara ili wasipite ubavuni mwake. Sasa alifunguka polepole kama kiti cha kukunja kilichoshika kutu. Kata Bei alimfunga ili apumzike, maana mgonjwa hupumzishwa, na mwenye hoteli jirani akawa anamletea ndoo ya makombo kila jioni ili asinyong'onyee. Daktari wa mifugo angekuja mwisho wa mwezi na sindano ya kumlaza moja kwa moja. Mbwa mdogo wa kushika zamu alikuwa ameshapatikana.

"Biashara haina machozi, mama."

Dobi akasema vizuri, basi wafanye biashara. Alitaka ule mlango, vipande vya zulia na sponji la godoro lililochanika, na ruhusa ya kuja kila asubuhi. Siku ya daktari, Askari akisimama kabla ya hesabu ya kumi, angekuwa wake. Asiposimama, Dobi angefua na kunyoosha mapazia yote yaliyorundikana ghalani. Kata Bei alitafuta mahali anapopunjwa, hakupaona. Wakapeana mikono. Mkono wa yule mama ulikuwa mkavu na wa moto, kama pasi iliyoepuliwa sasa hivi.

Miaka thelathini na mmoja mkono huo ulifua shuka za hospitali, katika chumba cha mvuke chenye dirisha moja lililotazama wodi ya mazoezi ya viungo. Mashine zikizunguka, Dobi aliwaangalia watu waliovunjika wakifundishwa upya kutembea. Elimu hiyo aliidoea, alisema mwenyewe, na akaijaribia kwenye magoti yake yaliyoliwa na saruji.

Kesho yake alianza kwa kufungua mnyororo, kisha akairudisha ndoo. Mwenye hoteli akalalamika kwamba anamfungisha mzee wa watu.

"Hayo mafuta ya ziada anayabeba kwa magoti yako au yake?"

Vidonge vya maumivu vilipotajwa, Kata Bei akakiri kwamba alikuwa akimgawia vyake vya mgongo, nusu tu. Dobi akaacha kazi akamtazama. Dawa za maumivu za binadamu huweza kuua mbwa, akamwambia; huyu alikula bahati. Akampeleka Askari kwa daktari akapimwa uzito, akapewa dawa ya mbwa kwa kipimo chake.

Kisha ikawa kila asubuhi ni yale yale. Taulo la maji ya uvuguvugu, alilolijaribu kwanza kwenye kiwiko chake, likilazwa juu ya nyonga. Vidole vikazunguka kiungo bila kukandamiza mfupa. Mguu ukakunjwa na kukunjuliwa taratibu, kama anatafuta pembe ya shuka. Halafu kutembea mpaka getini na kurudi, kidogo lakini mara nyingi. Malazi yakawa sponji kavu, na mlango ukapigiliwa zulia ukaegeshwa kwenye jukwaa la mbao Askari alikozoea kulindia.

Kata Bei alianza kukaa karibu ili asiibiwe. Wiki ya tatu alikuwa anawahi kufika kabla ya Dobi. Siku Askari alipopanda ule mlango mwenyewe, kucha zikishika zulia hatua kwa hatua, akasimama juu na kuikagua yadi yake yote, mteja aliyekuwa anauliza bei ya dirisha aliuliza mara tatu bila kujibiwa. Kata Bei, mnunuzi wa vitu vilivyokwisha, alikuwa hajawahi kuona kilichokwisha kikirudi.

Daktari akaja. Dobi akamwachia Kata Bei ahesabu mwenyewe. Kata Bei akaona mlango wa kutokea: akiwahi kufika kumi, mapazia yatafuliwa na mbwa atabaki wake. Akaita, akahesabu mbio kuliko alivyopata kuhesabu kitu chochote.

Kwenye saba Askari alikuwa amesimama.

Kata Bei akatoa milango yote kumi na mmoja iliyobaki ili aachiwe mbwa, Dobi akakataa. Ikabidi ausukume ule mlango kwa mkokoteni mpaka kwa yule mama na kuupigilia kwenye ngazi, mbwa wazee wawili wakimsimamia. Yadini kulimsubiri mbwa mdogo anayebwekea kivuli chake, na rundo la mapazia machafu.

Alipomaliza kupigilia, akashika kiuno, akainuka. Nyuma yake alisikia mtu anahesabu.

"Kumi na tisa, baba. Kesho njoo na taulo lako."